Tunda la Mninga na Mkia wa Ng'ombe

Tunda la mninga halimsaidii mtu mwenye njaa. Halina nyama, halina maji, hata nyani akilikuta chini analipita. Ni kiduara kikavu, ukingoni kimekunjamana kama karatasi, na katikati kina kifundo chenye miiba miiba kama brashi ya viatu. Kiangazi linajiachia mtini, linazunguka hewani, linatua polepole kwenye vumbi jekundu. Watu wanalikanyaga. Mimi nikiliona nashuka kwenye bodaboda.

Sitanii. Wapo madereva wa bodaboda hapa Nachingwea ambao miezi ya kiangazi hawataki kunibeba kwenda Ruangwa, kwa sababu wanajua safari itakuwa ya kusimama kila baada ya kilima. Naingia kichakani, natoka na mfuko umejaa: matunda ya mninga, maganda yaliyopasuka, magome, majani yaliyoliwa na wadudu yakabaki mishipa mitupu. Mmoja aliniuliza kama mimi ni mganga. Nikamwambia mimi ni sonara. Akasema, sonara gani anaokota takataka? Nikamjibu, sonara wa aina yangu, washa pikipiki twende.

Karakana yangu ni banda la bati nyuma ya nyumba, si mbali na soko. Nina meza iliyojaa makovu, mtungi wa gesi, na fuawe niliyoitengeneza kwa kipande cha reli ya zamani, ile iliyokuja na mradi wa karanga wa wakoloni ikaondoka nao. Nina pia mashine ya kubana bati, ya kuzungusha kwa mkono, niliyouziwa na fundi wa Kariakoo aliyenifundisha kazi. Watu wananiletea hereni zilizokatika na pete zilizowabana baada ya kunenepa. Hiyo ndiyo inayoniwekea ugali mezani. Lakini nikishamaliza pete za watu, natoa mfuko wangu wa takataka, namwaga mezani, na hapo ukiniita siitiki.

Sipendi mapambo ya mioyo. Sipendi mawaridi, maana sijawahi kuyaona yakijiotea Nachingwea. Nataka kitu cha hapa, na sikitaki chote. Nikichukua tunda la mninga, nauchukua ule mkunjo wa ukingoni na ile miiba, mengine nayaacha. Pengine naacha tundu pale ambapo mtu alitegemea kuona kito, na tundu hilo nalo ni sehemu ya kidani. Ukilifanya vizuri, mtu akivaa unaona kifua chake kinavyopumua nyuma ya shaba. Nikieleza haya watu wanatikisa kichwa kwa adabu.

Dada yangu hana adabu hiyo. Yeye ndiye mkubwa wangu, tumbo moja, anaishi Mtua kwenye korosho na mbaazi zake, anasuka mikeka, na kwaya ya parokia bila sauti yake haianzi. Alinitazama siku moja nimebandika kifuani bruchi yangu ya jani lililoliwa na wadudu, kazi ya siku nyingi, fedha tupu, akanyoosha mkono akataka kuniondolea. Alidhani limenidondokea. Nilinuna mpaka jioni.

Sasa basi. Binti wa dada yangu, ambaye kwa desturi yetu ni binti yangu na mimi, ni mwalimu Ruangwa. Akapata mchumba huko, kijana mwenye bucha sokoni, mpole, Mkatoliki aliyebatizwa shuleni. Kasoro yake kwa dada yangu ilikuwa moja tu: wazazi wake ni Wasukuma, wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa wakaweka kambi upande wa Chunyu. Mwaka mmoja kabla, ng'ombe wa wafugaji waliingia kwenye mbaazi za dada yangu wakazimaliza. Hawakuwa ng'ombe wa hawa, walikuwa wa watu wengine kabisa, lakini kwa dada yangu mfugaji ni mfugaji.

Mahari ikaja, na sehemu yake ilikuja kwa miguu. Wajomba zetu wakawapokea ng'ombe pale Mtua, wakawauza kabla vumbi halijatulia. Mmoja tu alibaki, jike jeusi lenye mkia mweupe. Mama wa bwana harusi alimshika dada yangu mkono akamwomba kwa Kiswahili chake cha kukatakata: huyu msimuuze. Hakusema kwa nini. Dada yangu, ambaye maishani mwake hakuwahi kufuga kitu kikubwa kuliko mbuzi, akamfunga chini ya mkorosho na kuongea naye kwa mbali. Alimwita "mgeni." Nikipiga simu kumsalimia ananiambia mgeni amekula, mgeni amelala, mgeni ananitazama vibaya.

Wiki chache kabla ya harusi, mikorosho ikiwa imeshaanza kutoa maua, binti yetu alikuja karakanani na mama mkwe wake. Mama huyo ni mrefu, mkimya, ana macho yanayocheka kabla ya mdomo. Mimi sikumwona macho kwanza. Niliuona mkono wake wa kushoto. Kuanzia kifundo cha mkono kupanda juu ulikuwa umejaa bangili nyembamba za shaba, moja juu ya nyingine, zimevaliwa miaka hata zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Nilisahau kumwamkia. Nilikuwa nimeshaushika mkono wake naugeuza geuza ndipo nikakumbuka, nikasema shikamoo, mama, na yeye akasema marahaba huku akicheka.

"Nataka avae," alisema, akimwonyesha binti yetu kwa kidevu. "Siku ya harusi. Yangu hii. Lakini kwa namna ya kwenu."

Alivaa zile bangili akiwa mwali, akasafiri nazo nyuma ya ng'ombe mpaka huku kusini. Hazivuki tena kiganjani. Kumpa mkwe wake maana yake nizikate.

Binti yetu akanivuta nje, pembeni ya pipa la maji. Alikuwa na machozi karibu. "Mama mdogo," akaniambia, "mama amesema nikivaa shaba ya watu hawa, yeye haingii kanisani. Anasema ni dawa. Anasema hizo bangili huwa zinawekwa kitu ndani. Na nisipovaa, huyu mama atajua kwetu hatukumpokea. Siku ya kuolewa kwangu nani abaki nje, mama yangu au yeye?"

Mwenye akili angesema pole mwanangu, kaongee na mama yako. Mimi kichwa kilikuwa kimeshapata moto. Nilikuwa naona tunda la mninga, kubwa, ukingo wake umefuliwa kutokana na shaba ile, miiba ya katikati imetokana na waya wa shaba ileile, likikaa juu ya gauni jeupe. Nikamwambia niachie mimi.

Nilimpigia dada yangu palepale. Nikamwambia dada, shaba ikipita kwenye moto wangu haibaki na kitu, si dawa wala uchafu. Njoo uone kwa macho yako nikizikata na kuziyeyusha. Ukiona safi, mtoto avae. Nikasikia akiwafukuza kuku wake. Kisha akasema, "Nitakuja. Na nikiona kitu, usinibembeleze." Nikakata simu nikifurahi kama nimeshashinda kesi.

Siku aliyokuja alivaa kitenge cha kanisani na rozari aliizungusha mkononi. Akaketi kwenye kiti cha wateja, mgongo umenyooka. Mama mkwe akaketi kwenye kigoda upande wangu, mkono juu ya meza. Walisalimiana vizuri, dada yangu anajua kusalimia hata akiwa amekasirika. Binti yetu alisimama mlangoni, hakai, hatoki.

Nikapitisha kipande cha ngozi chini ya bangili ya kwanza ili nisimjeruhi, nikaingiza mkasi wa bati, nikabana. Ilikatika kwa sauti ndogo, ikafunguka yenyewe. Nikakata ya pili, ya tatu, nikaendelea. Kila ilipotoka moja, ngozi ilionekana chini yake, nyororo, nyeupe kidogo, kama ya mtoto. Mama yule aliutazama mkono wake kama anaukumbuka. Nilipomaliza alijikuna taratibu akasema kwao hakuna aliyewahi kuuona mkono huu tangu bibi yake afe.

Hapo nilipaswa kuzitupa zote kwenye chungu cha kuyeyushia nikawasha moto. Lakini nilikuwa nimeona kitu. Bangili haikuwa fimbo moja ya shaba. Ilikuwa waya mwembamba mno, umezungushwa kwa mkono, mzunguko juu ya mzunguko, umebanana hata kwa macho ya kawaida huoni. Jamani. Nikaushika mwisho wake kwa koleo, nikavuta, na waya ukaanza kufunguka kama uzi kwenye kibonge chake. Nilisikia raha mpaka vidoleni. Nikamwita dada yangu, njoo uone kazi ya watu, njoo uone hii.

Akaja kuinama juu ya meza wakati uleule waya ulipokwisha. Ndani yake kulikuwa na nywele.

Fundo jembamba la nywele, limesokotwa, jeusi. Nikafungua bangili nyingine bila kufikiri. Nywele. Nyingine, nywele, hizi za kahawia. Mikono yangu ilikuwa inaendelea na akili imesimama.

Dada yangu hakupiga kelele. Alijisogeza nyuma, akabusu rozari. "Nilisema," akasema. "Nilisema, mkaniona mshamba." Akamgeukia binti yake. "Mimi na kanisa hilo basi. Mtanikuta Mtua." Akatoka. Nilimsikia akiita bodaboda, na kabla sijazunguka meza pikipiki ilikuwa imeondoka.

Binti yetu akaanza kulia. Mimi nikabaki na waya mkononi, nimekasirika na sijui nimkasirikie nani, na niseme kweli, kwa dakika nzima na mimi niliziogopa zile nywele. Sote tumekua tukisikia habari za nywele. Ukinyoa mtoto huku kwetu hutupi ovyo, unafukia. Nilizisogeza kwa ncha ya koleo, si kwa kidole.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Aliokota fundo moja kwa mkono, akalinyoosha kwenye mwanga wa mlango.

"Mkia," alisema.

Nikamuuliza mkia wa nini.

"Ng'ombe wa mahari yangu." Akachagua fundo la kahawia. "Huyu alikuwa mkorofi. Huyu mweusi alizaa mapacha." Akatueleza taratibu, akitafuta maneno, mengine akiyasema Kisukuma mpaka binti yetu, aliyekuwa anajifunza, akatusaidia. Si Wasukuma wote, alisema. Ni bibi yake na dada za bibi yake. Kila ng'ombe aliyeingia nyumbani kwa ajili ya binti, mama wa binti alikata nywele za mkia wake, bibi akazisokota na kuzizungushia waya. Hivyo ng'ombe akiuzwa au akifa, binti bado anaye mkononi. Akiulizwa na mtu, wewe ulithaminiwa kiasi gani kwenu, ananyoosha mkono tu.

"Yule mweusi wa mkia mweupe," akaendelea, "nilimwacha kwa dada yako kwa ajili ya mkia. Nilitaka nimwombe akate. Mama ndiye anayekata." Akayarudisha yale mafundo mezani, akayalaza pamoja. "Sasa siwezi kumwomba. Lakini sikukasirika. Mama anayeuliza mwanangu anavaa nini, huyo ni mama."

Akaondoka na mkono wake mtupu ameufunika kwa upande wa kanga.

Nikampigia dada yangu. Hakupokea. Nikapiga tena, nikapiga mpaka akachoka yeye. Nikamweleza yote, mkia, mahari, bibi, mapacha, nilieleza kwa haraka hata nikakosa pumzi, na kwa sababu nina hasira za karibu nikaongeza na maneno mengine ambayo hayafai hapa, kuhusu mtu anayekula nyama ya ng'ombe kila Pasaka halafu anaogopa mkia wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia," akasema. Simu ikakatika. Baada ya hapo, siku zikapita, kimya.

Nikafanya nini mimi? Nikafanya kazi. Sikujua kama kidani kitavaliwa, na nakiri kwamba nilipowasha moto sikujali. Mnisamehe, lakini ilikuwa shaba ya aina ambayo sijawahi kuishika. Sehemu ya waya niliiyeyusha, na ilipoiva ikawa inacheza chunguni kama jicho jekundu, nikaimimina, nikapata kipande kama kidole. Nikakigonga. Shaba ukiigonga inakuwa kaidi, ukiichoma tena na kuitumbukiza majini inalainika, kwa hiyo ni kugonga, kuchoma, kugonga, kuchoma, mpaka jirani akauliza kupitia ukuta kama nimeamua kuhamia kwenye masufuria. Nikamwambia nikihamia atakuwa mteja wangu wa kwanza.

Kilipokuwa bati jembamba nilienda kwenye mfuko wangu, nikachagua tunda la mninga moja. Nilichagua asubuhi nzima. Nililitaka ambalo ukingo wake umepinda kwa namna ya mtu anayegeuka kutazama nyuma. Nilipolipata nikalikata ile karatasi yake ya pembeni, nikailaza juu ya shaba, nikafunika kwa bati lingine, nikaingiza kwenye mashine ya kubana na kuzungusha mpini. Hiki ndicho kipande cha kazi ninachokipenda kuliko chakula. Ukishazungusha huwezi kurudi nyuma. Tunda limesagika, limekwisha, na hujui limekuachia nini. Nikafungua. Nikapuliza vumbi.

Mishipa yote ilikuwapo juu ya shaba. Yote, hata ile myembamba ya ukingoni ambayo kwenye tunda lenyewe sikuwa nimeiona. Nilitoka nje nikazunguka nyumba, nikarudi nikaitazama tena. Ingekuwa kuna mtu ningemkumbatia, hata kama ni yule dereva wa bodaboda.

Ukingo nikaukunja kwa vidole na nyundo ya mti. Katikati nikaacha tundu kubwa, na ndani ya tundu nikaning'iniza kifundo kidogo kilichotobolewa matobo mengi. Katika kila tobo nikapitisha kijiti cha waya wa bangili, ule ambao sikuuyeyusha, nikalehemu kwa nyuma. Miiba. Ukiipitishia kidole inatekenya. Nikakichovya kidani kwenye maji ya ukwaju na chumvi, kikatoka kimeiva rangi ya ngozi ya mtu aliyepaka mafuta. Sikukisugua kikang'aa. Niliacha alama za nyundo zionekane.

Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na hakikuwa na kamba.

Binti yetu alileta mkufu wa dukani kutoka Ruangwa, mwembamba, wa kumeremeta. Nilipokitia kidani nikasikia aibu kwa niaba yake. Nikajaribu kamba ya ngozi, kikaonekana kama kengele ya mbuzi. Nikafikiria zile nywele za ndani ya bangili, zilikuwa zimeshaoza kwa uzee, ukizigusa zinakuwa vumbi. Nilizifunga kwenye kitambaa nimrudishie mwenyewe. Ikabaki siku moja kufika harusi. Binti yetu akanitumia ujumbe: mama mdogo, usihangaike, nitavaa msalaba wangu wa kipaimara tu, mama ameniambia hatakuja, nimechoka. Niliusoma nimesimama, nikaketi.

Asubuhi ile ndipo mlango wa bati ukagongwa, na kabla sijajibu dada yangu akaingia. Alikuwa anachechemea. Kitenge chake kilikuwa na madoa ya kinyesi cha ng'ombe, na kwapani alibana kanga iliyoviringishwa. Hakunisalimia. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaifungua kanga magotini.

Zilikuwa nywele za mkia, ndefu, nyeupe, bado zina vumbi.

"Ng'ombe wako mpumbavu," akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyemleta. "Amenipiga teke. Hapa. Nimemsifia, nimempa maganda ya ndizi, nimemwimbia hata nyimbo za Kwaresima, na bado." Akajishika paja. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Zinatosha?"

Nilitaka kusema mengi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba siku zote zile. Nikasema, "Zinatosha, dada," nikaenda kuteka maji.

Tukaziosha kwa sabuni ya mche, tukazianika kwenye bati dogo juani. Zilipokauka akazigawa mafungu mawili mkekani, moja kubwa na moja dogo. Nikadhani dogo ni la akiba. Mimi nilitaka nisokote mwenyewe, akanipiga kofi mkononi. "Wewe unajua chuma," alisema. "Kusuka niachie." Akakunja miguu, ule uliopigwa teke akausogeza kwa uangalifu, akaanza kusuka zile nywele kama anavyosuka ukili wa mkeka, vidole vinakwenda peke yake na macho yako kwingine. Macho yake yalikuwa juu ya kidani kilicholala mezani. Alikitazama muda mrefu.

"Hiki ni lile tunda la mninga," akasema mwishowe.

Nikamwambia ndiyo.

"Tulikuwa tunayarusha tukiwa wadogo. Unakumbuka? Ulikuwa unalia langu likienda mbali kuliko lako."

Sikukumbuka. Lakini nilijisikia kana kwamba nimesifiwa na dunia nzima, na nikajifanya natafuta tupa chini ya meza.

Harusi ilikuwa Ruangwa. Kanisa lilijaa, upande mmoja sisi na vitenge vyetu vya sare, upande wa pili wafugaji kutoka Chunyu, wanaume wamevaa kofia zao, wakakumbushwa kuzivua. Dada yangu aliingia mapema akaketi mbele kabisa, mtu yeyote asije akasema hakuwapo. Binti yetu alipopita katikati nilisikia watu wakinong'ona, kavaa nini yule, na mwingine akajibu, mninga, huoni ni mninga. Mtu wa Ruangwa huyo, simjui, lakini aliliona. Nililia hapo, haya nimesema, tuendelee.

Nje ya kanisa, kwenye jua na vigelegele, mama mkwe alimkumbatia binti yetu. Akaweka kiganja juu ya kidani. Kisha vidole vyake vikapanda kwenye ile kamba nyeupe, na nikaona vinasimama. Mtu aliyezaliwa katikati ya ng'ombe hahitaji kuambiwa. Aliifuata kamba kwa vidole mpaka shingoni nyuma, akarudi. Macho yakaanza kututafuta.

"Nani amekata?" akauliza.

Dada yangu alikuwa amesimama na mkoba wake kifuani. "Mimi," akasema. "Huyo ng'ombe umfundishe adabu."

Mama yule alisema "wabeja" tu, ahsante ya kwao, na akarudia tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado kwenye shingo ya binti yetu, kanga imeteleza, na ile ngozi nyororo isiyozoea jua ilikuwa wazi mbele ya watu wote. Dada yangu akaitazama. Akafungua mkoba, akatoa kamba nyingine, fupi, nyeupe, imesukwa kwa msuko uleule. Akaushika ule mkono, akaizungusha pale penye ngozi nyeupe, akafunga fundo na kulivuta kwa meno ili likaze.

"Zilibaki," akasema.

Hazikubaki. Nilikuwapo alipokuwa anazigawa.